Yule Anayeuliza Kwanza

Mahona, karani wa parokia, siku hiyo hakuingia ndani kama alivyozoea. Alisimama uani karibu na kamba ya nguo, akapiga hodi mkono mmoja kaunyoosha mbele. Katika mkono huo alishika flashi kwa uzi wake, mbali na shati lake, kama mtu aliyeshika mkia wa panya aliyekufa.

"Karibu ndani, kaka Mahona," Apolonia alimwambia. Alikuwa amempakata mtoto wake, Constantine, na nyuma yake kompyuta ilikuwa ikiunguruma mezani.

"Hapa panatosha." Mahona alikohoa. "Mama Consta, nimekuja kukuuliza, usinichukulie vibaya. Ile ratiba ya misa ya kipaimara uliyonichapia, nimeifungua ofisini."

"Ina makosa?"

"Haimo. Nimekuta folda moja tu. Imeandikwa Ngassa."

Apolonia alimvuta mtoto kifuani. Ngassa alikuwa mume wake. Walimzika wakati wa mvua za kwanza, yeye akiwa na mimba ya Constantine, na Mahona mwenyewe ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza.

"Nikadhani umeisahau humo," Mahona aliendelea. "Nikaibonyeza. Kioo kikapepesa kama jicho, basi. Nikaifuta. Nikaenda kunywa chai, kurudi, ipo. Na sasa haiko kwenye flashi tu. Nafungua folda ya ubatizo, ndani kuna Ngassa. Ya ndoa, Ngassa. Ya mazishi..." Alisita. "Ya mazishi yumo kihalali, nilimwandika kwa mkono wangu. Lakini sasa wako wawili."

Mlango wa jiko ulifunguka. Nyanjige, mama yake marehemu, alitoka na moshi, akifuta macho kwa upindo wa khanga. Yalikuwa mekundu, kama yalivyokuwa siku zote.

"Nani anamtaja mwanangu?"

"Shikamoo, bibi," Mahona alisema, akarudi nyuma hatua.

"Marahaba. Umemwona wapi?"

"Mayu, ni mambo ya kompyuta," Apolonia alidakia, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Sikukuuliza wewe. Nimeuliza amemwona wapi."

Mahona alimtazama Apolonia apate msaada, hakuupata. "Parokiani, bibi."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa... ametulia tu."

Nyanjige alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za ndugu aliye safarini. "Afadhali. Kama ni kanisani, afadhali."

Mahona aliiweka flashi juu ya jiwe la kufulia, akaaga. Alipofika kwenye ua wa minyaa aligeuka. Hakumtazama Apolonia. Alimtazama bibi, machoni, kisha akaongeza mwendo.

 

Kompyuta ile ilikuwa imetoka kwenye kampuni ya kununua pamba. Soko lilipofunguliwa na kila mwenye mzani akaruhusiwa kununua, kampuni nyingi ziliingia Bariadi na magari mapya na ahadi. Ile aliyofanyia kazi Ngassa ilidumu misimu michache, kisha wenyewe wakaondoka bila kuaga. Wafanyakazi waligawana vilivyobaki ofisini. Mmoja alichukua mzani, mwingine viti. Ngassa alichukua kompyuta, akaja nayo nyumbani imefungwa kwenye gunia la pamba, watu wakamcheka njia nzima.

Mkewe ndiye aliyeifanya kuwa jiko la nyumba. Apolonia alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na alijua kuchapa. Walimu walimletea mitihani, kwaya ikaleta nyimbo, wenye harusi wakaleta kadi. Ngassa naye, kifua kilipoanza kumbana, alishinda mbele ya mashine ile akijifunza vidude vyake. Siku moja alichomeka kinasa sauti, akajirekodi. Alihifadhi kipande hicho kwenye folda aliyoipa jina lake, akasahau.

Baada ya mazishi, ndicho kilichobaki. Hapakuwa na kanda wala simu iliyowahi kushika sauti yake. Kila jua lilipozama, Constantine alianza kulia, kilio kisichotaka ziwa wala mgongo. Hapo Apolonia alifungua folda, sauti ya Ngassa ikajaa chumba, na ilipofika mwisho mtoto akanyamaza. Nyanjige aliyekuja kutoka Kasoli kumlea mjukuu aliijibu sauti ile kila siku kama anaongea na mtu aliye chumba cha pili.

Kisha folda ikaacha kufunguka. Ukiibonyeza, kioo kinapepesa, basi. Tangu hapo mtoto alikuwa akilia mpaka anakauka sauti.

"Mtoto huyu analilia jina," Nyanjige alisema, kama alivyosema jana yake na juzi yake.

"Jina analo, mayu. Amebatizwa."

"Hilo mlimpa nyie. Yeye anataka la mwenyewe. Hukusikia? Baba yake anazunguka mjini, anaingia nyumba za watu, anaandika jina lake kila mahali. Anatafuta wa kumwachia. Masamva, wazee waliotangulia, wakitaka jina hawaachi."

Apolonia alikazana kukunja nepi. Alijua alichokiogopa, na hakikuwa masamva. Siku atakapomwita mtoto Ngassa, yule mwingine atakuwa amekufa kweli.

 

Kwenye dirisha la steshenari ya Generoza palikuwa na karatasi mpya: FLASHI ZILIZOTOKA KWA MAMA CONSTA HAZIPOKELEWI. Maandishi yalikuwa yamekolezwa na kupigiwa mstari chini. Apolonia ndiye aliyemfundisha Generoza kukoleza maandishi.

"Generoza, hata kuniambia?"

Generoza aliona haya, akajifanya anapanga rimu za karatasi. "Ningekuambiaje, dada? Mashine zangu zote, Ngassa. Mwalimu wa Ngulyati alikuja kutoa mtihani wa majaribio, kafungua, Ngassa. Alimfahamu marehemu. Amekataa hata kukaa kwenye kiti changu."

"Ni kirusi. Kila kompyuta inapata."

"Punguza sauti."

Wateja wawili walikuwa wamegeuka. Mjini pale neno hilo lilikuwa na makazi mengine, kwenye damu za watu, na Ngassa alikufa amekonda. Aliyeishi miaka yote kwenye vumbi la pamba angeweza kukonda kwa kifua, lakini watu walikuwa wameshajijibu wenyewe tangu siku ya matanga.

Generoza alimvuta nyuma ya mashine ya kudurufu. "Mimi najua ni kirusi. Lakini watu hawasemi kirusi, dada. Wanasema yule bibi. Tangu aje kutoka Kasoli na macho yale."

"Macho yake ni moshi! Amepikia kinyesi cha ng'ombe tangu msichana."

"Najua. Nakupa wanavyosema. Wanasema amemtoa mwanawe kaburini kwa uchawi, anamtuma. Eti ndiyo maana mtoto analia jioni, anamwona."

Jua la saa sita lilikuwa juu ya bati, lakini Apolonia alihisi baridi ikimpanda mikononi. Hakuna mtu wa nchi ile asiyejua maneno kama hayo yanaishia wapi. Yanaanza dukani, yanalala kilabuni, na asubuhi moja mlango wa bibi kizee unakutwa wazi, mwenyewe amekatwa mapanga.

"Nenda kwa Anatoli leo," Generoza alisema. "Akuwekee antivirus, au afomati kabisa. Akifomati mashine inakuwa kama imetoka dukani. Hakuna Ngassa popote, na maneno yanakwisha."

"Na sauti?"

"Sauti gani?"

Apolonia alishika njia ya kwa Anatoli.

 

Anatoli alikuwa fundi redio aliyehamia kwenye kompyuta bila kuacha redio. Alikuja jua likielekea kuzama, amebeba santuri zake za antivirus kwenye kopo la biskuti. Aliitazama mashine, akabonyeza hapa na pale, akapiga mluzi.

"Mama Consta, humu mumejaa. Kirusi hiki kina tabia ya ajabu. Kinapoingia kinaficha folda ya kweli, kinakaa mahali pake na kuvaa jina lake. Halafu kinajizaa. Kila flashi inayoingia, kinapanda. Kilianza na folda ya mume wako, ndiyo maana mji mzima ni Ngassa."

"Ya kweli bado ipo?"

"Inaweza kuwepo. Inategemea tutakavyosafisha." Alikuna shingo. "Ningekuwa mimi, ningefomati. Kesho Generoza angebandua karatasi yake."

"Fundi," Nyanjige alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, Constantine akijinyonganyonga mapajani mwake, kilio kikianza kukusanyika. "Mwadila," alimsalimia kwa Kisukuma. "Dawa zako ziko ngapi?"

"Zipo za aina tatu, bibi."

"Zitoe nizione."

Anatoli alicheka, lakini alizitoa. Alishika ya kwanza kwa ncha za vidole. "Hii ni kali. Ikikamata kirusi inalia kama nguruwe anayechinjwa, hapo hapo inakifuta."

"Nguruwe alie ndani ya nyumba ya mwanangu?"

"Ndiyo dalili ya kazi, bibi."

"Inauliza kwanza?"

"Inauliza nini?"

"Kabla ya kukata. Hata nfumu, mganga anayejua kazi yake, ukimpelekea kuku wa ramli, anakuuliza kwanza kuku huyu ni wa nani, na mgonjwa ni wa nani. Haanzi na kisu. Hiyo yako inauliza?"

"Haiulizi. Inakata."

"Rudisha kwenye kopo."

Anatoli alirudisha. "Hii ya pili ni ya kistaarabu. Haina sauti wala fujo. Inafanya kazi kimyakimya, nyinyi mmelala, mkiamka imemaliza."

Nyanjige alimtazama kwa macho yake mekundu. "Anayeingia nyumba ya mtu kimya, akafanya kazi yake wenyewe wamelala, nyie mjini mnamwitaje?"

Anatoli alicheka tena, kisha akaacha kucheka. Santuri ya pili ilirudi kwenye kopo bila kuambiwa.

"Ya tatu ni ya bure," alisema. "Wengi hawaipendi. Inaongea, sauti ya mwanamke, Kiingereza. Na ikikuta kitu inasimama, inakuonyesha jina, inakuuliza: nifute au niache? Kila kimoja. Inachosha."

"Huyo," Nyanjige alisema.

"Subiri, bibi. Mwenye mashine ni mama Consta." Anatoli alimgeukia Apolonia, akashusha sauti. "Amua wewe. Nimesikia yanayosemwa huko nje, na si mazuri. Ukifomati, yamekwisha leo."

"Na hii inayouliza, tukijibu vibaya?"

"Ukifuta, umefuta. Harudi."

"Tukiacha kirusi hata kimoja?"

"Wiki ijayo mji umejaa tena. Na hapo mimi sitaweza kuwasaidia, si kwa kompyuta wala kwa hayo mengine."

Apolonia alimtazama mama mkwe wake. Bibi alikuwa amempandisha mtoto begani, akimpigapiga mgongo, na mwanga wa kioo ulikuwa umeingia katika macho yale yaliyozungumzwa mji mzima. Aliona mlango wazi asubuhi. Aliona pia chumba kile kile bila sauti, jioni baada ya jioni, mpaka atakaposhindwa kukumbuka hata alivyokuwa anakohoa.

"Weka ya mwanamke," alisema.

 

Giza lilikuwa linaingia ndani kabla ya kuingia nje. Umeme ulikuwa hafifu, taa ikawa nyekundu kama kaa la moto. Constantine alilia sasa kwa nguvu zake zote. Ghafla spika zikatoa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na pumzi.

Nyanjige hakushtuka. "Anasemaje?"

"Anasema yuko tayari," Apolonia alitafsiri.

"Mwambie karibu. Mwambie asiharakishe."

Mashine iliguna, namba zikapita kiooni, kisha kila kitu kikasimama. Kibao kilitokea katikati: NGASSA. Chini yake, maneno mawili ya kuchagua.

"Hiki ni cha uongo, ona ukubwa wake," Anatoli alisema. "Futa."

Kidole cha Apolonia kilikuwa juu ya kitufe. Alijua ni cha uongo. Alikuwa ameambiwa, ameona, ameelewa. Lakini lilikuwa jina lile lile lililoandikwa kwenye msalaba, na kidole kilikataa kushuka.

"Nipishe," Nyanjige alisema. Alimpa mtoto mama yake, akasogeza kigoda. "Nionyeshe pa kubonyeza. Mimi ndiye niliyemzaa."

Anatoli alimwonyesha. Bibi alibonyeza kwa kidole gumba, kama anayepima joto la uji.

"Nenda, baba," alisema.

NGASSA, kioo kikauliza tena. Katika nyimbo za kwaya. Akabonyeza. "Nenda, baba." Katika kadi za harusi. Katika mitihani ya darasa la saba. Kila mara mashine iliguna, ikasimama, ikauliza, na kila mara bibi alisubiri kidogo kabla ya kujibu, kama mtu anayetazama uso kwanza. Anatoli alikuwa ameacha kusema "hiki pia". Alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, mikono kifuani. Na kadiri majina yalivyopungua kilio cha mtoto nacho kilipungua, kikawa kwikwi, kikawa pumzi, mpaka Apolonia akainama kuhakikisha. Constantine alikuwa macho, anatazama kioo, kimya.

Majina yakaisha. Kioo kilibaki kitupu.

"Iko wapi ya kweli?" Apolonia aliuliza. "Anatoli, iko wapi?"

"Tulia. Imefichwa." Anatoli aliinama, akatafuta ndani ya mashine, akaweka alama mahali fulani, akabonyeza.

Ikatokea. Ilikuwa peke yake kwenye kona, imefifia, unaweza kuona rangi ya nyuma kupitia ndani yake. NGASSA.

"Mbona amekuwa hivyo?" Nyanjige aliuliza.

"Kilichofichwa kinaonekana hivyo, bibi."

Anatoli aliifungua.

"Moja, mbili. Moja, mbili," Ngassa alisema chumbani. "Haya, inashika. Mimi Ngassa, wa mayu Nyanjige, wa Kasoli. Leo hakuna kazi. Pamba imekwisha, kampuni imekwisha, nimebaki mimi na mashine." Akacheka, akakohoa. "Apolonia akirudi nitamwambia aongee na yeye, tubaki wote humu."

Hapo palikuwa na kimya, walikijua. Kila siku Apolonia alikingoja, kwa sababu baada yake lilikuja neno la mwisho, neno alilolipenda kuliko yote. Aliamini ni yeye aliyekuwa akimwita Ngassa mezani, naye akimjibu. Lakini kila siku walikuwa wakisikiliza mtoto akilia. Leo mtoto alikuwa kimya.

Na kile hakikuwa kimya. Ndani yake, mbali, nyuma ya muungurumo wa mashine, mtoto mchanga alikuwa akilia. Kilio kikavu, kisichotaka ziwa wala mgongo.

"Nakuja," Ngassa alisema. Kiti kikasogezwa. Ikaisha.

Anatoli alimtazama Constantine. Mtoto alikuwa amefumba mdomo.

"Labda jirani," Anatoli alisema.

"Wakati ule hapakuwa na jirani. Nyumba yake ilikuwa haijaezekwa." Apolonia alisema maneno hayo polepole, kwa sababu yalikuwa yakifuatana yenyewe. Apolonia akirudi, Ngassa alikuwa amesema. Yeye alikuwa ametoka, basi. Alikuwa amekwenda kliniki kupima mimba, na mtoto pekee wa nyumba ile alikuwa tumboni mwake, upande wa pili wa mji.

Spika zikaongea tena, yule mwanamke, laini vile vile. Anatoli aliruka.

"Anasemaje sasa?" Nyanjige aliuliza.

"Anasema amemaliza kutafuta." Apolonia alikitazama kioo. "Anasema hakuna kitu."

"Mwambie yupo," Nyanjige alisema. Aliinuka kwa shida, akamgusa mtoto shavuni. "Ngassa."

Mtoto aligeuza kichwa. Hakumgeukia bibi yake. Alikigeukia kiti kilichokuwa mbele ya mashine, kile ambacho Anatoli alikuwa amekiacha, akakitazama jinsi watoto wanavyomtazama mtu wanayemjua.

Watu wengi walisema baadaye kwamba Apolonia alilikubali jina lile kwa woga, na labda ni kweli. Lakini alikivuta kiti kile, akakikalia yeye. Alimweka mwanawe mapajani, uso kwa uso, akazuia kwa mwili wake mwanga wote wa kioo.

"Ngassa," aliita.

Mtoto akamtazama.

"Kesho uanzie parokiani," Nyanjige alimwambia fundi, akichukua sufuria yake kurudi jikoni. "Halafu kwa yule wa karatasi. Na huko kote uende na huyu mwanamke. Asikate mtu bila kuuliza."